Dereva wa lori hili ni nani? Somo la hifadhidata kutoka Salgaa

Ukipita Salgaa jioni, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, utaona malori yameegeshwa kandokando ya lami. Hebu angalia moja vizuri. Kichwa kina nambari yake ya usajili, trela nayo ina yake inayoanza na Z. Kesho kichwa hicho huenda kikavuta trela nyingine, na usukani ukashikwa na mtu mwingine kabisa.

Sasa tuseme umepata kibarua cha kumuundia mwenye malori programu ya kuweka rekodi. Una jedwali la malori, la madereva na la safari. Ufunguo wa kigeni, yaani safu inayobeba nambari ya mstari ulio kwenye jedwali lingine, utauweka wapi?

Wengi wetu hukimbilia kwenye lori: lori hili, dereva namba 7. Safari nazo tunaziunganisha na lori tu. Programu inafanya kazi, mwenyewe anafurahi, unalipwa. Shida inakuja mwezi wa pili. Namba 7 anaacha kazi, unaandika 12 mahali pake, na papo hapo safari zote za zamani za lori lile zinasoma 12. Ikigunduliwa kwamba dizeli ilipotea kwenye safari ya Malaba mwezi jana, anayekatwa mshahara ni mtu ambaye hata hakuwa ameajiriwa. Kompyuta haijadanganya. Imesema ulichoiambia.

Kabla ya kuandika chochote, jiulize: kimoja cha hiki kinaweza kuwa na vingapi vya kile, si leo tu, bali kwa muda wote utakaotunza rekodi? Kikiwa kimoja kwa vingi, ufunguo hukaa upande wa vingi. Tajiri mmoja ana malori mengi, kwa hivyo nambari yake iandikwe kwenye kila lori. Ukifanya kinyume, utajikuta unamwekea tajiri safu za lori1, lori2, lori3, halafu anunue la nne ushikwe hapo.

Lakini dereva na lori ni vingi kwa vingi. Mmoja huendesha malori kadhaa, na lori moja hupitia mikono kadhaa. Hapo funguo zote zihamie kwenye safari: nambari ya kichwa, ya trela, ya dereva, pamoja na tarehe. Kama madereva wawili hupokezana njiani, basi hata safari haitoshi. Utahitaji jedwali la zamu, kila zamu na dereva wake.

Na kama unatumia SQLite, chunga: kwa kawaida haikagui funguo hizi mpaka uiambie PRAGMA foreign_keys = ON, kila unapofungua muunganisho. Usipofanya hivyo, itapokea safari ya dereva namba 99 ambaye hayupo, na haitasema kitu.