Jeshi lilinikataa kwa macho, mimi nikasema ni jina

Kila tangazo la Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) la kutafuta makadeti linapotoka, simu yangu hujaa ujumbe. Ni vijana wa Mtongwe, Likoni na Kisauni, wengine wa Kwale na Lamu, wakiuliza vipi mtu anaomba kuwa afisa au rubani. Wananiuliza mimi kwa sababu wamesikia kwamba niliwahi kuomba na nikafika mbali. Sababu hasa ya kukataliwa kwangu wengi hawaijui, kwani kwa miaka mingi niliisema uongo. Leo nitaeleza yote mawili: njia yenyewe ilivyo, na namna ya kukataliwa bila kujidhuru wewe na kuwadhuru wengine.

Nimezaliwa Mtongwe. Utotoni tulipanda feri pamoja na wanamaji wenye sare nyeupe zilizopigwa pasi zikakaza, na jioni tulikaa ufuoni kutazama ndege zikishuka ng'ambo ya maji, upande wa Port Reitz. Wenzangu walitaka meli, mimi nikitaka ndege. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata B+, na Hisabati na Fizikia zilikuwa nzuri. Nikatuma maombi, nikaitwa kwa usaili. Mamangu aliuza bangili yake ya dhahabu ili nipate nauli na viatu vya mbio.

Mbio nilizimaliza. Kimo, uzani, meno na masikio, yote sawa. Kisha nikakalishwa mbele ya kitabu chenye kurasa za vitone vya rangi, na ndani ya vitone kuna nambari. Ukurasa wa kwanza nikasoma 12. Wa pili nikasoma 3, tena kwa sauti ya kujiamini. Kumbe ilikuwa 8. Kurasa zilizofuata nyingine sikuona nambari yoyote, ni vitone tu. Mpimaji akafunga kitabu, akaandika, akaniambia taratibu: "Kijana, una upofu wa rangi. Urubani hutauweza." Nilikuwa na miaka 19 na sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo.

Njia ya kuingia

Kwanza tutofautishe mambo ambayo vijana wengi huyachanganya. Kurutu na kadeti si kitu kimoja. Kurutu huenda mwenyewe kwenye uwanja wa usajili siku iliyotangazwa, na akichukuliwa hupelekwa Eldoret kwa mafunzo ya uaskari. Kadeti ni mtu anayeandaliwa kuwa afisa. Yeye hutuma maombi kwanza, kisha husubiri kuitwa kwa usaili, na akifaulu hufunzwa katika chuo cha kijeshi cha Kenya Military Academy kule Lanet, Nakuru.

Rubani wa jeshi ni afisa kwanza. Hakuna mlango wa kuingilia moja kwa moja kwenye ndege. Unakuwa kadeti, unafunzwa uafisa kama wenzako, halafu wanaofaa kwa Jeshi la Wanahewa na kwa urubani ndio wanaofundishwa kurusha. Kwa hivyo mtu anaweza kuvaa sare ya wanahewa maisha yake yote asirushe ndege hata siku moja, na bado akawa afisa mkubwa.

Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka kadeti wa kawaida awe Mkenya wa umri wa miaka 18 hadi 26, mwenye wastani usiopungua B katika KCSE, na alama nzuri za Hisabati, Kiingereza na sayansi. Kimo kisipungue futi 5 na inchi 3. Uzani usipungue kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Wenye digrii za fani kama udaktari, uhandisi na sheria wana mlango wao, wa maafisa wataalamu, na umri wao huruhusiwa kupita huo. Hata maimamu hutafutwa kwa njia hiyo. Lakini usiniamini mimi, wala rafiki aliyeomba mwaka juzi: soma tangazo la mwaka wako, mstari kwa mstari.

Jambo la pili ni karatasi, na hapa sisi watu wa Pwani tuna msiba wetu. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cha KCSE kimeandikwa Muhammad, na kitambulisho kina jina la babu ambalo kwenye vyeti vingine halimo. Nyumbani huyo ni mtoto mmoja, lakini mezani kwa karani ni watu watatu. Tengeneza majina mapema, kwa hati ya kiapo au kwa kubadilisha rasmi, wala usingoje tangazo litoke. Na kitambulisho kiombe mara tu unapotimiza miaka 18, kwa sababu wengi wetu tunajua kisa cha kitambulisho kinachochelewa mpaka nafasi ikapita.

Kwa nini rangi

Nilipotoka pale nilijiuliza rangi zina kazi gani angani. Jibu nililipata baadaye, na mvuvi yeyote angenipa. Usiku baharini chombo huwasha taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Ukizichanganya hujui chombo kinakuja au kinakwenda. Ndege nazo zina taa hizohizo. Na rubani anaposhuka, kando ya barabara ya ndege kuna safu ya taa nne. Akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu, yuko kwenye mteremko unaofaa. Zote nyeupe, yuko juu mno. Zote nyekundu, yuko chini mno. Redio ikiharibika, mnara humwashia taa: ya kijani isiyopepesa maana yake tua, nyekundu isiyopepesa maana yake mpishe mwengine na uendelee kuzunguka. Mtu asiyezitofautisha rangi hizo amebeba roho za watu kwa kubahatisha.

Upofu wa rangi wa aina hii mtu huzaliwa nao, na hauna dawa. Hurithiwa kupitia kwa mama, ambaye mwenyewe huona sawasawa, na huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Nilipoelezwa hivyo nilimkumbuka mjombangu, ndugu wa mamangu, ambaye sokoni alikuwa akibonyeza nyanya na kunusa embe, haangalii rangi. Tukimcheka. Kumbe alikuwa akitafuta njia yake ya kuishi na macho yale.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache na hospitali nyingi zenye kliniki ya macho wanacho. Ningekifanya nikiwa kidato cha pili, ningelia siku moja nyumbani kwetu, nikapanga maisha mengine. Mzazi, kama mwanao anaota urubani au unahodha, mpeleke apimwe macho kabla ya kuuza bangili.

Uongo wangu

Nilirudi Mombasa kwa basi la usiku. Kufika maskani, wazee wakauliza: "Vipi?" Niliona haya kusema macho yangu ni mabovu. Mmoja akanisaidia: "Si walikukataa kwa jina? Mtoto wa Pwani huyo, hana mtu juu." Nikainamisha kichwa, nikasema ndiyo.

Malalamiko ya Wapwani kuhusu kazi za serikali siyo ya kubuni, na anayenyimwa haki yake ana haki ya kupiga kelele. Lakini yale hayakuwa yangu. Niliyavaa kwa sababu yaliniondolea aibu, na kila aliyenisikiliza alinionea huruma.

Uongo ule ulizaa. Mamangu aliposikia ni jambo la kukosa mtu, akaanza kumtafuta huyo mtu. Akapatikana bwana mmoja aliyejidai ana jamaa yake mkubwa jeshini, akataka shilingi laki tatu barua itoke. Mama akaamua kuuza kipande cha shamba la minazi alichoachiwa na babu kule Kwale. Mnunuzi alikuwa ameshakwenda kupima mipaka. Usiku ule ndipo nikamwambia: "Mama, si jina. Ni macho. Sizioni rangi, kama mjomba."

Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Basi ni mimi niliyekupa." Sijapata kusikia neno lililonichoma kama lile. Nikamwambia hakunipa kwa kutaka, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimuuzia shamba kwa uongo. Shamba likabaki.

Bwana yule tulimpoteza hapo. Na hili naliandika ili lisomwe mara mbili: kuandikishwa jeshini ni bure. Hakuna malipo ya fomu, ya daktari wala ya barua. Zaidi ya mara moja vijana wamefika Eldoret na barua bandia walizozinunua, wakatiwa mbaroni pale langoni. Mtu anapoteza pesa, kisha anapata kesi, na kesi humfungia milango mingine yote.

Lakini nilimwambia mama peke yake. Mtaani uongo uliendelea kutembea. Miaka michache baadaye kijana wa jirani, mwenye alama bora kuliko zangu na macho yasiyo na kasoro, nilimuuliza mbona haombi ukadeti. Akanijibu: "Wewe walikukataa kwa jina, mimi nina jina gani la kunipitisha?" Hata hapo sikumwambia ukweli. Akapita miaka 26 bila kujaribu hata mara moja. Nilikataliwa mimi, akafungiwa mlango yeye, na aliyeufunga ni mimi.

Laiti ningemwambia kwamba Jenerali Samson Mwathethe, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 2015 hadi 2020, ni mtoto wa Pwani aliyeanzia Jeshi la Wanamaji. Na aliyeteuliwa kuongoza Jeshi la Wanahewa mwaka 2024, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, anaitwa Fatuma. Jina hilo liko katika kila mtaa wa Mombasa.

Ujue ni mlango upi

Ukikataliwa, kaa siku mbili tatu na uchungu wako, kisha ujiulize swali moja: ni mlango upi uliofungwa?

Kuna mlango wa mwaka huu. Hukuitwa, au ulifika mwisho nafasi zikawa chache kuliko watu. Huo hausemi kwamba wewe hufai. Ikiwa umri bado, jaribu tena mwakani, na katikati usikae bure. Digrii au ufundi utakaoupata unaweza kukuingiza kupitia mlango wa wataalamu.

Kuna mlango wa kurekebishika. Jina halikulingana, uzani ulipungua, mbio zilikushinda, jino bovu. Andika kilichosemwa siku ileile, kabla hujaanza kujitungia sababu nyingine, kisha kishughulikie.

Na kuna mlango uliofungwa kabisa. Umri umepita, au mwili una jambo lisilobadilika, kama langu. Huo usiugonge tena wala usilipe mtu akufungulie. Geuka uangalie nyumba ina milango mingapi. Urubani wa kiraia upo: leseni ya binafsi huanzia umri wa miaka 17 na angalau saa 40 za kurusha, na ya biashara huhitaji takriban saa 200, ingawa gharama yake ni mamilioni ya shilingi na macho hupimwa huko pia. Kwenye leseni ya binafsi, kanuni za kimataifa zinaruhusu mwenye kasoro ya rangi kurusha mchana tu. Kwa wanaopenda bahari kuna Bandari Maritime Academy hapahapa Mombasa, na Walinzi wa Pwani, kikosi kilichozinduliwa Liwatoni mwaka 2018. Tena kuna mafundi wa ndege, wapanga safari, wahandisi. Kwa kila kazi uliza kwanza masharti ya macho.

Mimi nilisomea uendeshaji wa safari za ndege. Leo niko uwanjani, nikipiga hesabu ya mizigo, abiria na mafuta, ili ndege isiwe nzito mbele au nyuma. Karatasi yangu humfikia rubani, huisoma, akatia saini, ndipo anapoondoka. Sirushi ndege, lakini hakuna inayoondoka zamu yangu bila hesabu yangu kuwa sawa. Mamangu, alipoelewa kazi hii, aliuliza tu kama wino wa karatasi ni mweusi. Nikamwambia ni mweusi. Akacheka.

Kijana unayeomba mwaka huu, nenda, na Mwenyezi Mungu akufungulie. Ukirudi bila barua, rudi na sababu ya kweli, uiseme maskani kama ilivyo. Yuko mdogo wako anayekusikiliza.