Usiache Ngano Kabla ya Kupimwa

Mgonjwa anapewa vidonge vya madini ya chuma, damu inapanda, akimaliza dozi inashuka tena. Minyoo ilishatibiwa, hedhi si nzito, vidonda vya tumbo havipo. Hapo daktari wa zahanati anapaswa kujiuliza swali ambalo huku kwetu haliulizwi mara nyingi: je, huenda ni siliaki?

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, huushambulia utumbo mwembamba. Ukuta wa utumbo huo una vinyuzi vya kufyonza chakula, mfano wa taulo. Vikilika, chuma na kalsiamu hupita bila kufyonzwa. Ulaya humpata takriban mtu 1 kati ya 100. Si ugonjwa wa Wazungu tu: uchunguzi wa watoto wa Kisahrawi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya 5 katika kila 100.

Wengi wanamtarajia mtoto aliyekonda, tumbo limevimba, anaharisha. Wapo wa namna hiyo, ila watu wazima wengi huja na uchovu, vidonda vya mdomoni, gesi, hata kufunga choo, na baadhi yao ni wanene. Mwenye kisukari cha aina ya 1, au ambaye mzazi, ndugu wa damu au mtoto wake amethibitishwa kuwa nao, apimwe hata bila dalili.

Kipimo cha kwanza ni cha damu: kingamwili za tTG aina ya IgA, pamoja na jumla ya IgA. Hicho cha pili kisisahaulike. Kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwao tTG inaweza kuonyesha hakuna tatizo huku utumbo umeharibika. Hao hupimwa kwa IgG.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Mgonjwa akisikia kwamba ngano inashukiwa, anaacha chapati na maandazi siku hiyohiyo, anakuja maabara baada ya miezi, kingamwili zimeshapungua, anaambiwa hana kitu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 unataka mtu ale gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa angalau wiki 6 kabla ya kipimo. Kwa hiyo aulizwe anakula nini hasa. Mtu wa ugali wa mahindi, wali na mihogo, anayegusa mkate Jumapili tu, hawezi kuondolewa mashaka kwa majibu safi ya damu.

Majibu yakiwa mabaya, apewe rufaa kwa bingwa wa tumbo, naye aendelee kula ngano mpaka bingwa aamue kama atachukua vipande vya utumbo kwa kamera.

Ukithibitika, gluteni huachwa maisha yote. Mahindi, mchele, mtama, wimbi na muhogo havina gluteni, lakini wimbi lililosagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano halifai, na unga wa uji wa lishe uulizwe kwanza umechanganywa na nini.