Jani la Mkonge

Mkonge si mmea wa asili wa Tanga. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf, Mdachi, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai Pangani ilikuwa 62 tu, na kwa hiyo michache yakazaliwa mashamba makubwa.

Tazameni kazi ya korona, mashine ikamuayo majani. Huingia ratili 100 za majani, na singa zitokazo, zikiisha kukauka, ni ratili 4 tu, au pungufu. Zilizosalia ni maji na nyama ya jani. Kwa miaka mingi singa nyingi zilipelekwa Ulaya zikasokotwe kamba huko, na masalio yakamwagwa, yakaoza, yakachafua mito. Watu walipalilia, wakakata, wakabeba mzigo mzima, kwa ajili ya sehemu moja katika 25!

Kumbe uozo ule una nguvu. Masalio yakitiwa katika tangi lisiloingia hewa, vijidudu huyala na kutoa gesi iwakayo. Katika miaka ya 2000 mtambo wa namna hiyo uliwekwa Hale, katika wilaya ya Korogwe, gesi ikaendesha injini ya kutoa umeme; na kibakicho tangini ni mbolea, hurudishwa shambani.