Mpaka wa kata na bei ya kiwanja

Dalali wa Mbulu akikutembeza kiwanjani atakutajia barabara, maji na nguzo ya umeme. Shule ataitaja mwisho, kama ataitaja. Marekani angeanza nayo. Huko sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majengo ya eneo husika, na mtoto kwa kawaida husoma anakolala. Mwaka 1999 mwanauchumi Sandra Black alilinganisha nyumba za pande mbili za mipaka ya shule nje ya Boston. Aliona kwamba alama za mitihani zikizidi kwa asilimia 5, bei ya nyumba hupanda kwa karibu asilimia 2.5.

Kata ya Daudi, katika Halmashauri ya Mji wa Mbulu, haiendi hivyo. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, shule hupata ruzuku kwa hesabu ya vichwa: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, 25,000 kwa wa sekondari. Jenga ghorofa au jenga banda, shule ya jirani haiongezewi kitu. Matokeo nayo hayaleti mashindano makubwa ya bei, na tangu Januari 2023 NECTA haitangazi tena shule kumi bora.

Hata hivyo mpaka una nguvu zake. Wachache wenye alama za juu huchaguliwa kwenda shule za bweni za serikali kama Ilboru au Kilakala. Wengi hupangiwa sekondari ya kata, ya kutwa. Kwa desturi ya Wairaqw kila kaya hukaa katikati ya shamba lake, kwa hiyo kata moja hutawanyika juu ya matuta na mabonde. Mwanafunzi anayetoka mbali hupanga geto: chumba kimoja, debe la mahindi, jiko la kuni, na mzazi asiyepata usingizi, hasa kama ni wa binti. (Sijui ni nani aliyewahi kuliita hilo shule ya kutwa akiwa na uso mkavu.)

Hapo ndipo shule inapogeuka kuwa bei. Mwenye eneo karibu na sekondari hufyatua matofali, huinua safu ya vyumba, na wapangaji wake ni wanafunzi na walimu wasio na nyumba za serikali. Kinachouzwa ni dakika za kutembea. Bweni likijengwa, soko hilo hukauka muhula huohuo.

Mipaka kuhama si jambo geni kwa Mbulu. Wilaya ya Hanang ilimegwa humo, Babati ikatoka Hanang mwaka 1985, Karatu ikajitenga miaka ya 1990, na mwaka 2002 Mbulu ikaingia katika mkoa mpya wa Manyara. Kata inapogawanywa, upande mmoja hubaki na sekondari, mwingine huanza michango: mawe, mchanga, nguvu kazi. Shamba lililokuwa la ngano na maharage linajikuta mkabala na boma la madarasa, na mwenyewe hakubali tena bei ya jana.

Anayenunua eneo kama hilo aulize pia kama ni ardhi ya kijiji, maana mauziano yake yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Kisha aombe kuoneshwa mihtasari ya vikao: bweni limepangwa kujengwa mwaka gani?