Nodi, Panda na Mapatano: Jinsi Programu za Blokucheni Zinavyobadilishwa

Miongoni mwa matini za kiufundi zinazowatatiza wanafunzi wa tafsiri ni tangazo la mabadiliko ya mtandao wa blokucheni. Sentensi zake ni fupi na msamiati wake si mwingi, lakini mfasiri asiyeelewa jambo lenyewe hupotoka upesi. Katika makala haya tunakusudia kulifafanua jambo hilo, kisha tuseme machache kuhusu istilahi zake.

Nodi ni nini?

Blokucheni ni daftari la kumbukumbu lisilo na mwenyewe mmoja. Miamala hukusanywa katika mafungu yaitwayo bloku, na kila bloku hubeba alama ya ile iliyoitangulia, ndipo ukapatikana mnyororo. Nakala za daftari hilo hutunzwa na kompyuta nyingi zilizotawanyika duniani. Kila kompyuta inayoendesha programu ya kukagua na kutunza nakala hiyo huitwa nodi. Nodi haitegemei neno la jirani yake. Bloku inapoingia, nodi huikagua yenyewe kwa kanuni zilizomo ndani ya programu yake, ikaipokea au ikaikataa.

Hapo ndipo penye ugumu. Nodi mbili zikitofautiana katika kanuni moja tu, moja huweza kupokea bloku ambayo nyingine inaikataa, na tangu hapo kila moja ikawa na daftari lake. Lugha haina ukali huo. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilipokuwa ikisanifisha tahajia ya Kiswahili, barua za walioendelea kuandika kwa mazoea yao hazikukoma kusomeka. Msomaji husamehe, nodi haisamehi.

Yaliyotokea Machi 2013

Mwezi Februari 2013 lilitolewa toleo 0.8 la programu ya Bitcoin. Watengenezaji walikuwa wamebadilisha hifadhidata ya ndani, wakaacha Berkeley DB na kutumia LevelDB iliyo na kasi zaidi. Hawakukusudia kugusa kanuni yoyote ya mtandao. Kumbe hifadhidata ya zamani ilikuwa na kikomo chake cha ndani, ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa kanuni. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Machi ilipatikana bloku namba 225,430, iliyokuwa na mambo mengi ya kukagua kuliko kawaida. Nodi za toleo 0.8 ziliipokea. Nodi nyingi za zamani zilishindwa kuishughulikia, zikaikataa. Mnyororo ukagawanyika.

Toleo jipya halikukosea, kwani bloku ile haikuvunja kanuni yoyote iliyoandikwa. Tena wachimbaji wengi, yaani wanaotengeneza bloku, walikuwa upande wake. Hata hivyo watengenezaji waliwaomba wachimbaji warudi kwenye toleo la zamani. Sababu ni kwamba nodi mpya ziliweza kuupokea mnyororo wa zamani, ilhali nodi za zamani hazikuweza kuupokea ule mpya. Wachimbaji wakubwa walikubali, ingawa walipoteza malipo ya bloku walizokwisha kuchimba. Baada ya saa kadhaa mnyororo wa zamani ulikuwa mrefu zaidi, na nodi zote zikaufuata. Katika muda huo kuna mtu aliyeweza kutumia sarafu zile zile mara mbili, kwa thamani ya takriban dola 10,000 za Marekani. Siku chache baadaye lilitoka toleo 0.8.1, lililokataa kwa muda bloku za namna ile, hadi tarehe 15 Mei 2013, ili watu wapate nafasi ya kuhama pamoja.

Funzo lake ni kwamba kanuni halisi ya mtandao ni kile ambacho nodi zinakifanya, pamoja na kasoro zake, wala si kile tu kilichoandikwa katika maelezo. Mtunzaji wa programu hana budi kuuliza maswali mawili: je, badiliko hili ni sahihi? Na je, wengine watakwenda nalo?

Mabadiliko yaliyopangwa

Kwa sababu hiyo mabadiliko ya makusudi huenda hatua kwa hatua. Pendekezo huandikwa na kujadiliwa hadharani, hutiwa katika programu, hujaribiwa katika mitandao ya majaribio ambayo sarafu zake hazina thamani, kisha huteuliwa bloku au wakati maalumu wa kuanza. Kanuni za zamani nazo hazifutwi ovyo. Nodi mpya inayokagua daftari la Ethereum tangu mwanzo husoma kila bloku kwa kanuni za wakati wake.

Hata kuahirisha ni kazi. Januari 2019, Ethereum ilipokaribia mabadiliko yaliyoitwa Constantinople, kasoro ya usalama iligunduliwa muda mfupi tu kabla ya bloku iliyoteuliwa. Waliokwisha kuweka toleo jipya walilazimika kulibadilisha tena haraka, kwa kuwa amri ya kuanza ilikuwa tayari imo ndani ya nodi zao. Mabadiliko hayo yalifanyika tarehe 28 Februari 2019, katika bloku namba 7,280,000.

Neno moja, hasara kubwa

Yapo mabadiliko yanayokaza kanuni, kama Taproot ya Bitcoin iliyoanza tarehe 14 Novemba 2021 katika bloku namba 709,632. Nodi ya zamani huendelea kuufuata mnyororo, ingawa haikagui kanuni mpya. Yapo pia yanayoruhusu kilichokuwa kimekatazwa, na hapo nodi ya zamani huachwa nyuma. Basi katika tangazo, "inashauriwa kuweka toleo jipya" na "hamna budi kuweka toleo jipya kabla ya bloku fulani" ni maagizo mawili tofauti. Mfasiri akiyachanganya, msomaji wake anaweza kubaki na daftari ambalo wengine hawalitambui.

Ama kuhusu mgawanyiko wa mnyororo, tumeona wengine wakiuita "uma". Uma ni wa mezani. Kiswahili kina neno panda, la tawi linalogawanyika na la njia panda, nalo humwonyesha msomaji mara moja kinachotokea. Sisi tunapendekeza "panda ya mnyororo". Wasomaji wenye maoni tofauti tunawaomba watuletee, pamoja na sentensi zinazoonyesha jinsi neno lao litakavyotumika.