Tunaaga kwa kazi, tunajificha kwa raha

Kutoka Houston hadi bandari ya Galveston ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na Watanzania na Wakenya wanaoishi upande ule wa Texas wanaifahamu njia hiyo. Mwishoni mwa wiki meli za kitalii hupakia abiria kwa maelfu, zikaelekea Cozumel, Belize na Roatán, na baada ya siku tano au saba zikarudi palepale zilipotoka. Nauli yake, kwa mtu anayelipwa kwa dola, si ya kutisha. Mara nyingi ni ndogo kuliko tiketi ya ndege ya kuja nyumbani, na hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Dada yangu anaishi Houston na anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Kwa mshahara, usiku kucha, anawageuza kitandani wazazi wa watu wengine, anawapa dawa, anawabadilisha nguo. Wazazi wetu wako Tanga. Baba ameshavuka themanini, Mama anamfuata kwa karibu na presha yake haitabiriki. Wenzake wa kazini walipomwalika waende pamoja safari ya meli, hakuwajibu. Alikuja kwanza kwenye kundi letu la familia la WhatsApp na swali moja: nikiwa baharini, Mama akizidiwa, nitafanya nini?

Swali hili halikuanza na dada yangu. Walioko ughaibuni wanalijua, na wengi wao wamelimaliza kwa njia ya mkato: wanakwenda kimyakimya, hawaweki picha, na wakirudi wanasema walikuwa kazini. Inanisikitisha sana kwamba tumefika mahali ambapo mtu mzima, anayelipa dawa na umeme wa wazazi wake kila mwezi, anaficha picha akiwa amevaa kofia ya jua kana kwamba ameiba.

Tulipiga hesabu, maana hofu ikipigiwa hesabu hupungua au angalau hujulikana sura yake. Dada akipata simu ya usiku akiwa nyumbani kwake Houston, apate tiketi siku hiyohiyo, apite Doha au Istanbul, ashuke Dar es Salaam, kisha apande gari la kwenda Tanga, kilomita kama 350, atakuwa amekaa njiani siku moja na nusu, pengine mbili. Sisi ni Waislamu. Maiti kwetu halazwi. Akifariki mtu alfajiri, mara nyingi alasiri tumeshatoka makaburini. Kwa hiyo, kwa lile jambo ambalo dada analiogopa kuliko yote, hata akiwa amekaa sebuleni kwake na begi limefungwa, hatawahi.

Akiwa melini je? Meli ikiondoka Galveston, siku inayofuata nzima ni maji matupu ya Ghuba ya Mexico. Hakuna mahali pa kushuka. Ikifika Cozumel anaweza kushuka, akavuka kwa boti hadi Playa del Carmen, akachukua gari hadi uwanja wa ndege wa Cancún, na kutoka pale kuna ndege za kwenda Ulaya. Meli inamwongezea siku moja, ikizidi sana mbili. Si jambo dogo, sisemi ni dogo. Lakini kinachomtenga dada na kitanda cha Mama si meli ya siku tano. Ni Houston yenyewe, na Houston alikwenda kwa baraka za ukoo mzima, kwa dua na ubani na gari la kumsindikiza uwanja wa ndege.

Hili ndilo lililonifanya nikae niandike. Alipochukua zamu mbili mfululizo Desemba nzima, hakuna aliyemuuliza, "Na Mama akizidiwa?" Alipohamia mji wa mbali zaidi kufuata mshahara, tulimwombea heri. Umbali wa kutafuta pesa tunauita kujituma. Umbali wa kupumzika siku tano tunauita kutojali. Na yeye mwenyewe amelimeza hilo, ndiyo maana anaomba ruhusa ya kupumzika kwa sauti ambayo hajawahi kuombea ruhusa ya kazi.

Yapo mambo ya melini ambayo anayesitasita anapaswa kuyajua. Mawasiliano ya leo si yale ya zamani ya mtu kupotea baharini wiki nzima. Tangu 2022 kampuni kubwa za meli zimeanza kutumia intaneti ya Starlink, na mtu aliyelipia kifurushi anapiga simu ya WhatsApp kutoka katikati ya bahari. Asichopaswa kufanya ni kuacha simu yake ijiunge na mtandao wa simu wa melini bila kujua bei, kwa sababu bili yake inaweza kumnyima usingizi. Meli ina zahanati yenye daktari, lakini hiyo ni ya abiria. Na katika kila bandari kampuni ina wakala, ambaye humsaidia abiria anayelazimika kukatiza safari.

Pasipoti ndiyo inayowaponza wengi. Raia wa Marekani anaruhusiwa kupanda meli inayoanzia na kuishia bandari ileile ya Marekani kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho tu. Sawa, mpaka simu ya nyumbani ilie. Kwa karatasi hizo hapandi ndege Cancún kuja Afrika. Na Mtanzania aliyekwisha kuchukua uraia wa Marekani kwa kawaida anahitaji viza kuingia alikozaliwa. Ile ya dola 100, ya kuingia mara nyingi kwa mwaka, ni bora aombe mapema ikae, kuliko kuanza kujaza fomu huku analia.

Bima nayo ina mtego wake. Bima nyingi za safari za Marekani hurudisha fedha mtu akifuta au akikatiza safari kwa sababu mzazi ameugua sana au amefariki, hata kama mzazi huyo hakuwa msafiri. Ila ugonjwa aliokuwa nao kabla, kama presha ya Mama, mara nyingi hautambuliwi, isipokuwa bima iwe imenunuliwa mapema, ndani ya wiki mbili tatu tangu malipo ya kwanza ya safari, na iwe na kipengele kinachoondoa sharti hilo. Ipo pia bima ya kufuta safari kwa sababu yoyote ile. Hiyo ni ghali zaidi, na kwa kawaida hurudisha kati ya asilimia 50 na 75 ya gharama. Mwenye mzazi mgonjwa na asome kipengele hicho kabla ya kusoma orodha ya vyakula.

Dada alikuwa na hofu nyingine, ya kunasa. Anaikumbuka Diamond Princess, iliyozuiwa Yokohama Februari 2020 ikiwa na watu zaidi ya 3,700, na zaidi ya 700 wakaambukizwa korona. Siwezi kumwambia kwamba jambo kama lile haliwezi kurudi. Ninachoweza kumwambia ni kwamba mwaka ule kuna wakati hata aliyekuwa nchi kavu Houston hakuweza kuja nyumbani.

Muda wote huo tunajadiliana, wazee wenyewe hatukuwa tumewaambia neno. Watoto watatu wazima tumekaa tunapima moyo wa Mama bila Mama. Hatimaye dada alipiga simu, Jumamosi asubuhi ya Tanga, nami nilikuwapo pale barazani. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza hiyo ni meli ya namna gani, na inabeba watu wangapi.

Hapo nikaelewa kwamba tulikuwa tumeushika mkia. Kwa wazee wa nchi hii neno meli lina majina yake: MV Bukoba, Ziwa Victoria, Mei 1996, MV Spice Islander, ikielekea Pemba, Septemba 2011, MV Skagit, karibu na Chumbe, Julai 2012. Mamia kwa mamia ya watu walizama. Tanga inatazamana na Pemba, na mwaka 2011 majirani zetu walikaa na redio siku kadhaa wakisubiri majina. Sisi tulikuwa tunaogopa kwamba wazee watakufa mtoto akiwa mbali. Wao waliogopa kwamba mtoto atazama wao wakiwa hai.

Dada alieleza kwa utulivu: maboya ya kila abiria, boti za kuokolea, mazoezi ya usalama ambayo kila abiria lazima ayafanye kabla ya kuondoka. Baba akaridhika, akauliza fedha ya LUKU, umeme wa mwezi huo, ataituma kabla au baada. Mama akauliza kama nyama yao inalika. Zipo kampuni ambazo zikiarifiwa mapema huandaa chakula halali, na dada alikuwa ameshauliza. Basi Mama akatoa radhi zake, akaongeza kwamba simu za usiku ampigie wifi yake, yeye Mama asiamshwe.

Wapo watakaonikumbusha hadithi ya yule mtu aliyemjia Mtume akiomba kwenda vitani, akaulizwa kama wazazi wake wako hai, na alipojibu kuwa wako hai akaambiwa jitihada yake aielekeze kwao. Naikumbuka, na naichukulia kwa uzito wake. Swali lililomo ni nani anawahudumia. Na kwetu jibu lake halikuwa dada, wala halikuwa mimi niliyeko Dar es Salaam. Ni wifi, mke wa kaka, anayeishi na wazee.

Wifi ana daftari, la shule la kawaida, linaning'inia kwa uzi jikoni karibu na kopo la dawa. Kila asubuhi baada ya chai anampima Mama presha kwa kile kipimo alichotuma dada, anaandika tarehe, zile namba mbili, halafu neno moja pembeni: kala, hakulala, kachangamka, kanuna. Kurasa kwa kurasa. Betri zikiisha anaandika hivyo pia. Nilipiga picha kurasa za karibuni nikazituma kundini, na dada, ambaye kazini kwake hujaza fomu za namna hiyo kila zamu, alinyamaza muda mrefu kabla ya kuandika kwamba hajui miaka yote hii alikuwa anaulizia nini kwenye simu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliitazama familia kama nguzo ya matunzo ya mzee. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na serikali. Zanzibar tangu 2016 inawalipa pensheni jamii waliotimiza miaka 70. Maneno na hatua za heshima. Lakini ukiingia ndani ya nyumba yenyewe, hiyo familia inayotajwa mara nyingi ni mwanamke mmoja, na likizo yake haijadiliwi kwenye kundi lolote la WhatsApp. Wifi ana mama yake Lushoto, mzee naye, magoti hayamruhusu tena kupanda vilima vya kwao. Wifi hajalala kwake tangu Idi.

Sisemi kila mtu aende. Mzazi akiwa katika siku ambazo daktari ameshawaita watoto pembeni, meli na isubiri, bahari haihami. Na asiye na mtu kama wifi, wala jirani wa kukimbilia kwa mzee usiku na bajaji, ana kazi ya kutafuta mtu huyo kwanza, na kazi hiyo ingemhusu hata kama hakuna aliyemwalika popote. Dada hayumo katika hao. Mimi nimemwambia aende, aweke na picha.

Amechagua Desemba, kwa kuwa msimu wa vimbunga vya Atlantiki huisha tarehe 30 Novemba. Bima ameilipia siku ileile aliyolipa malipo ya kwanza. Pasipoti ataibeba. Kaka atakuwa na namba ya meli na ya wakala, zimeandikwa nyuma ya lile daftari. Na kabla ya hapo, Oktoba, dada anamlipa msaidizi wa kuja mchana, mimi nachukua likizo yangu nakwenda Tanga kulala kwa wazee, na wifi anapanda basi la Lushoto akakae na mama yake.