Injini haifi kwa kilomita: hesabu ya kutunza Land Cruiser mkoani Singida

Gari linalotoka Dodoma kwenda Singida hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya kuingia Manyoni. Likipita mjini Singida na kushika njia ya Nzega, hukutana na mlima wa Sekenke, ambako barabara hushuka hadi mbuga ya Wembere, na mteremko huo ndio mwinuko wa kurudi. Likikata Itigi kuelekea Rungwa, huingia kwenye njia yenye sehemu ndefu za vumbi na mchanga. Mlima, joto na vumbi ndivyo vinavyochosha injini, na Singida inavyo vyote vitatu.

Kwa sababu hiyo, kazi nzito mkoani humu zimebaki mikononi mwa magari ya aina chache. Land Cruiser "mkonga" hubeba wagonjwa, wataalamu wa halmashauri, watu wa mashirika na askari wa wanyamapori. Prado na VX huonekana kwa viongozi na wafanyabiashara wakubwa wa alizeti na vitunguu. Si machache yanayoonyesha zaidi ya kilomita 300,000 kwenye dashibodi, na bado yanaamka alfajiri na kwenda kazini. Mwenye gari na mnunuzi wa mtumba wana swali moja: limebakiza nini? Namba ya dashibodi haitoshi kulijibu. Kinachoamua ni matunzo, na bei ya matunzo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Injini hufika wapi

Mikonga mingi tunayoijua hutumia injini ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyoingia sokoni mwaka 1990. Ni dizeli ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, na pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Haikimbii sana, lakini haijikamui. Ikitunzwa, si ajabu ikapita kilomita 500,000 kabla ya kufunguliwa kwa ovahoo. Mashirika ya misaada bado huagiza magari ya familia hii kwa kazi za vijijini, na sababu yao kubwa ni kwamba fundi wa mbali na mji anaweza kuyatengeneza.

Nje ya Afrika nako namba ni kubwa. Uchunguzi wa kampuni ya Marekani iSeeCars wa mwaka 2022 uliangalia asilimia 1 ya magari yaliyokwenda mbali zaidi katika kila aina. Toyota Sequoia iliongoza kwa takribani kilomita 477,000, ikifuatiwa na Land Cruiser yenye takribani 451,000. Raia mmoja wa Marekani, Victor Sheppard, alifikisha maili milioni 1 kwa pikapu ya Toyota Tundra ya mwaka 2007, na mwaka 2016 kampuni ikalichukua gari hilo ili kulichunguza. Magari hayo, hata hivyo, yalitembea zaidi kwenye lami na kupata oili kwa wakati. Tundra ya Sheppard isingefika huko kwa kupelekwa gereji siku ya kuharibika tu.

Injini za Prado zinahitaji umakini zaidi. Ile ya lita 3 yenye turbo, 1KZ-TE, inajulikana kwa silinda hedi kupasuka ikichemshwa. Iliyoifuata, 1KD-FTV, ina nozeli ambazo washa zake zikivujisha, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampo. Oili ikikosa kupanda, beringi husagika na injini hufa ghafla, hata kama ina kilomita chache.

Oili si gharama kubwa

Katika mazingira ya vumbi, kubadilisha oili na filta kila kilomita 5,000 ni kanuni salama kwa dizeli kama 1HZ, ambayo huchukua lita 9 hadi 10 kwa mara moja. Tupige hesabu ya kilomita 300,000. Hizo ni sevisi 60, sawa na lita zisizozidi 600, yaani mapipa 3 ya lita 200.

Kwa umbali huohuo, gari linalokula lita 13 kwa kila kilomita 100 litakuwa limemaliza lita 39,000 za dizeli. Hata tukisema lita ya oili inauzwa mara 5 ya bei ya dizeli, matumizi yote ya oili hayafiki asilimia 8 ya bili ya mafuta. Anayesogeza sevisi hadi kilomita 10,000 anaokoa nusu ya asilimia hizo, kisha anaweka rehani injini nzima: pistoni, ringi, beringi, kusaga kranki, gasketi, ujira wa fundi na wiki kadhaa za gari kukaa bila kazi.

Mkanda wa taimingi una hesabu yake pia. Kwa 1HZ, kilomita 100,000 ni mpaka wa kuheshimu. Ukikatika gari likiwa njiani, vali hugongana na pistoni.

Vumbi na maji ya kisima

Injini ya lita 4.2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta zaidi ya lita 3,500 za hewa kila dakika. Kwenye njia ya Rungwa, hewa hiyo imejaa vumbi la mchanga, na mchanga hukwangua kuta za silinda. Gari huanza kula oili, kisha kutoa moshi wa bluu. Filta ya hewa ndiyo ngao pekee. Kuipuliza kwa kompresa kila wiki huongeza maisha yake kidogo tu, na presha kubwa huitoboa matundu yasiyoonekana kwa macho. Bomba la hewa lililochanika au klampu iliyolegea hupitisha vumbi hata filta ikiwa mpya.

Hatari nyingine ya Singida imo kwenye maji. Maziwa ya Singidani na Kindai yana chumvi, na maji ya visima vingi vya mkoa huu yana madini mengi, floraidi ikiwamo. Dereva anayejaza rejeta kwa maji ya kisima anaingiza madini yanayoganda kwenye mirija myembamba, na kutu hufuata. Baada ya muda gari linachemka Sekenke huku rejeta imejaa. Kulanti ndiyo dawa. Ikikosekana kwa dharura, maji ya mvua ni nafuu kuliko ya kisima.

Hapo ndipo baadhi ya mafundi huondoa termostati wakidhani wanapooza injini. Kwenye injini nyingi za Toyota, kuitoa huacha njia ya mchepuko wazi, na sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mzigo ukiwa mkubwa, joto hupanda badala ya kushuka.

Dizeli nayo ina historia yake. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulipokithiri, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo. Pampu ya 1HZ hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo mafuta yaliyochanganywa huisaga. Anayenunua dizeli ya madumu vijijini anapaswa kumwaga maji kwenye filta ya dizeli mara kwa mara.

Magari ya umma

TEMESA, wakala ulioanzishwa mwaka 2005 na wenye karakana mikoani, ndio uliopewa jukumu la kutengeneza magari ya Serikali. Tatizo linaloweza kuua injini za umma mara nyingi huanza kwenye fedha. Fungu la matengenezo likichelewa, kilomita 5,000 za sevisi huwa 9,000, na kazi za dharura hazisubiri. Pia magari haya huachwa yakinguruma wakati wa vikao au misafara. Odomita haihesabu saa hizo, lakini oili inachoka palepale. Halmashauri inayopanga sevisi kwa saa za injini, na si kwa kilomita peke yake, itayatumia magari yake kwa miaka mingi zaidi.

Neno kwa mnunuzi

Kenya hairuhusu kuingiza mitumba iliyozidi miaka 8. Tanzania huiruhusu, lakini magari ya abiria ya umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada. Gari tunaloagiza likiwa na umri huo huwa limeshatembea, na odomita hurudishwa nyuma kirahisi. Kwa hiyo omba karatasi ya mnada wa Japani au daftari la sevisi. Washa injini ikiwa ya baridi, uangalie moshi. Fungua kifuniko cha oili ukitafuta ute mweupe wa maji, kisha kifuniko cha rejeta ukitafuta kutu. Mlipe fundi apime kompresheni ya kila silinda.

Mkonga wa kilomita 350,000 wenye daftari lililojazwa ni biashara bora kuliko Prado ya kilomita 120,000 isiyo na historia. Nunua daftari kwanza, gari baadaye.